Mkupuo Huja Mara Moja, Maji Hujaa Mara Mbili

Mwaka juzi shemeji yangu, mwalimu wa sekondari Dodoma, alikuwa amebakiza miezi michache afikishe 60. Siku hiyo akanitumia picha kwenye WhatsApp: minazi mitatu, mchanga mweupe, bahari imejaa hadi karibu na mizizi ya mnazi wa mbele. Chini yake dalali ameandika: "Kiwanja cha ufukweni, Pangani, mkoani Tanga, mstari wa kwanza kabisa, hati iko njiani." Shemeji akaongeza neno moja: "Vipi?"

Nilianza kumjibu kwa sauti. Dakika zilipofika saba nikafuta. Picha ile moja ilikuwa imebeba maswali ya mafao, ya ardhi, ya bahari na ya maisha yenyewe, na kila moja lina mkanganyiko wake. Tangu hapo nimeulizwa yale yale na watu wengine watatu, wote wanakaribia kustaafu, wote wameshachoka na vumbi la mjini na wanataka upepo, samaki na mahali pa kutembea jioni. Basi naandika mara moja.

Tuanze na pesa, maana ndiyo iliyopigiwa kelele zaidi.

Mstaafu wa utumishi wa umma analipwa vitu viwili. Kuna mkupuo, fungu analopewa mara moja akiondoka kazini, ambalo wazee bado wanaliita kiinua mgongo. Halafu kuna pensheni, inayoingia kila mwezi maisha yake yote. Kikokotoo si pesa. Ni kanuni tu ya hesabu inayoamua fungu la kwanza liwe kubwa kiasi gani na la pili kiasi gani.

Chukulia una shamba la minazi mia moja. Badala ya kungoja kuangua kila mwezi, unamwendea mnunuzi na kumuuzia mavuno ya minazi 40, naye anakulipa leo thamani ya miaka 12 na nusu ya nazi za minazi hiyo. Huo ndio mkupuo. Minazi 60 iliyobaki unaiangua mwenyewe mwezi hadi mwezi mpaka unaingia kaburini. Hiyo ndiyo pensheni. Asilimia 40 na miaka 12.5 ndizo namba za kikokotoo kinachotumika sasa kwa waliotoka kwenye mifuko ya pensheni ya zamani iliyokuwa ikilipa nusu kwa mkupuo.

Tuweke shilingi. Mshahara wa msingi, bila posho, ni 1,200,000 kwa mwezi, na huo ndio wastani wa miaka mitatu iliyokulipa vizuri zaidi ndani ya kumi ya mwisho. Umefanya kazi miaka 30, yaani miezi 360. Kanuni inagawa miezi hiyo kwa 580 kisha inazidisha kwa mshahara wa mwaka, ambao ni 14,400,000. Unapata pensheni kamili ya mwaka ya karibu 8,938,000. Asilimia 40 yake mara 12.5 ni kama milioni 44.7: mkupuo wako. Asilimia 60 iliyobaki, ukiigawa kwa miezi 12, ni kama 447,000: pensheni yako ya mwezi.

Hapo panakuja uvumi wa kwanza, kwamba Serikali ilipopandisha mkupuo kutoka asilimia 33 hadi 40 katika bajeti ya 2024/25 iliwaongezea wastaafu hela. Kwa mwalimu mwenye mshahara ule wa mfano, mkupuo uliongezeka kwa takriban milioni 7.8, ndiyo, lakini pensheni yake ya mwezi ilishuka kwa 52,000 hivi. Gawa ya kwanza kwa ya pili: miezi 150, yaani miaka 12 na nusu ile ile. Pesa imehamishwa mfuko wa kushoto kwenda wa kulia. Ni ahueni kwa mwenye jambo la haraka, ila aliyeishi miaka 20 baada ya kustaafu hakupewa zawadi yoyote.

Uvumi wa pili unatoka upande wa pili, kwa wale wanaosema wastaafu wanalalamika kwa kukosa elimu ya kikokotoo. Siukubali. Kabla ya mifuko ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF kuunganishwa mwaka 2018 kuwa mfuko mmoja wa watumishi wa umma, PSSSF, mwanachama wa PSPF au LAPF alihesabiwa kwa 540 badala ya 580, nusu ya pensheni yake ikilipwa kwa mkupuo, kwa miaka 15.5. Mwalimu huyo huyo angeondoka na milioni 74.4 mkononi na pensheni ya 400,000 kwa mwezi. Leo anapata pungufu ya karibu milioni 30 kwenye mkupuo, na nyongeza ya 47,000 kwa mwezi. Ili nyongeza hiyo ifidie pengo lile anahitaji kuishi zaidi ya miaka 50 baada ya kustaafu. Serikali inasema mifuko isingestahimili kanuni ya zamani, na hoja hiyo ina uzito wake. Lakini anayelalamika anajua kuhesabu vizuri sana. Ndiyo maana kanuni mpya ilizua kelele mwishoni mwa 2018 hadi Rais Magufuli akaisimamisha, na ndiyo maana ilirudi kwa sura nyingine Julai 2022.

Kwa anayewaza pwani, funzo la hesabu hii ni dogo na gumu. Milioni 44 haitarudi tena. Ukiimaliza kwenye kiwanja na msingi, utaishi kwa 447,000, na hiyo 447,000 ndiyo itakayolipa umeme, dawa, nauli ya kwenda Tanga mjini na mchango wa harusi ya mpwa wako. Niliowaona wanakwama hawakukwama kwa sababu pwani ni ghali. Walikwama kwa sababu nyumba imefika kwenye linta na mkupuo umeisha.

Ardhi ni ya nani?

Jibu fupi la kisheria ni kwamba ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, chini ya Rais kama mdhamini. Wewe unanunua haki ya kuitumia, na haki hiyo inategemea ardhi iko kapu gani. Sheria za ardhi za 1999 zilitenga makapu matatu: ardhi ya jumla, ambayo ndiyo hutolewa hati miliki tunayoijua, ya miaka hadi 99, ardhi ya kijiji, na ardhi ya hifadhi.

Ukitoka mjini Pangani, iwe kusini kuelekea Ushongo, Kipumbwi na Mkwaja au kaskazini kuelekea Kigombe, sehemu kubwa unayopita ni ardhi ya vijiji. Huko anayegawa ardhi ni Halmashauri ya Kijiji, na Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio unaopitisha. Kinachotolewa ni hati ya haki miliki ya kimila. Kwa hiyo "nimelipa mbele ya mwenyekiti, muhuri upo" si mwisho wa habari. Muhuri wa mwenyekiti peke yake unafanana na tiketi ya basi iliyoandikwa na mpiga debe: huenda kiti kipo, huenda hakipo, utajua ukishapanda. Omba kuona muhtasari wa kikao. Kama kikao hakikukaa, hujanunua kitu.

Kuna na mkonge. Mkonge wa kwanza nchini ulipandwa Kikogwe, karibu na Pangani, mwaka 1893, na mashamba yaliyofuata yalichukua eneo kubwa la wilaya. Pori unaloliona leo limejaa vichaka huenda ni shamba lenye hati ya zamani ya kampuni au ya mtu aliye mbali. Mwenyeji aliyelima mihogo humo miaka 20 atakuuzia kwa moyo safi kabisa kitu ambacho si chake. Ndiyo sababu kabla ya kutoa hata senti unafanya upekuzi kwa Msajili wa Hati, au ofisi ya ardhi ya halmashauri kama hakuna hati. Na kama kwenye eneo kuna nyumba wanayoishi mume na mke, hakikisha mke ameridhia. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya familia kuuzwa na mmoja kwa siri ya mwenzake.

Kwa wanaosema "basi bora Zanzibar": ardhi si jambo la Muungano. Sheria ya kule ni nyingine, ofisi ni nyingine. Usibebe uzoefu wa Pangani ukaupeleka Paje.

Zile mita 60

Kiwanja cha "mstari wa kwanza" ndicho kinachonitia wasiwasi kuliko vyote. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari, kingo za mito na maziwa. Watu wanadhani katazo hilo ni la hoteli na viwanda. Sheria haijasema hivyo. Nyumba ya vyumba viwili ya mwalimu ni shughuli ya kudumu kama hoteli ya vyumba mia.

Mita 60 ni zaidi ya nusu ya urefu wa uwanja wa mpira. Chukua kiwanja chenye kina cha mita 40 kinachoanzia mchangani: chote kimo ndani ya katazo. Umenunua mahali pa kutandika mkeka.

Na mita hizo zinaanzia wapi? Hapa inabidi kuijua bahari, na watu wa bara huwa hawaijui. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kwa karibu dakika 50. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu yanakuja maji ya bamvua: yanajaa juu sana na kupwa mbali sana, tofauti ya mita tatu na zaidi. Katikati ya hapo ni maji mafu, yanayosogea kidogo tu. Dalali mwerevu atakupeleka siku ya maji mafu. Utaona ufukwe mpana, utapanga na mahali pa bustani. Nenda siku ya bamvua, hasa za Machi na Septemba ambazo huwa kubwa, ndipo uanze kuhesabu hatua zako kutoka pale takataka na magugu ya bahari yalipoachwa.

Hata hapo ufukwe haujatulia. Kaskazi ikivuma, kuanzia kama Novemba hadi Machi, mchanga unasukumwa upande mmoja. Kusi ikishika, Aprili hadi Septemba au zaidi, unasukumwa upande mwingine. Mchanga wa pwani ni kama fedha ya upatu: leo uko kwako, kesho kwa jirani, na sehemu nyingine haurudi. Jirani akijenga ukuta wa mawe kuzuia maji, nguvu ya wimbi haifi, inahamia kwako.

Anayedhani natia chumvi akodi mashua aende kisiwa cha Maziwe, kilomita chache kusini mashariki mwa mji wa Pangani. Kilikuwa na mivinje, na kilikuwa moja ya maeneo makubwa ya kasa kutagia. Mwaka 1975 kikafanywa hifadhi ya bahari. Miaka ya themanini inaanza, miti yote ilikuwa imekwenda. Leo Maziwe ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa, na mayai ya kasa yanayotagwa pale yanahamishiwa Ushongo ili yasizame. Kisiwa kizima, ndani ya umri wa mtu mmoja. Kiwanja chako ni nini?

Chumvi nayo haisubiri bamvua. Inakuja na upepo, inakula mabati, bawaba, waya na pikipiki. Fundi akikuambia mchanga wa kujengea upo bure pale ufukweni, mshukuru na umkatalie, kwa sababu mbali na kuharibu ufukwe, chumvi iliyomo inaozesha nondo ndani ya zege. Nondo ikishika kutu inavimba, zege linapasuka. Boriti za mikoko zina sifa nzuri, lakini misitu ya mikoko ni hifadhi, haikatwi bila kibali.

Swali la kisima huulizwa mwishoni wakati lingekuwa la kwanza. Chini ya ardhi ya pwani, maji baridi yanaelea juu ya maji ya chumvi, mfano wa mafuta juu ya mchuzi. Ukichota taratibu, utapata maji matamu miaka mingi. Ukichimba kirefu mno au ukifunga pampu kubwa ya kumwagilia bustani, unanyonya mafuta yote na mchuzi unapanda. Kisima kikishaingia chumvi, hata jirani aliyekuwa anachota kwa kamba anaathirika, na hapo ujirani unaanza vibaya.

Sasa raha yenyewe

Baada ya kutishana hivyo, niseme wazi kwamba ningekuwa na umri wake ningehamia kesho. Pangani ni mji mdogo uliolala mdomoni mwa mto unaoanzia Kilimanjaro na Meru, una majumba ya kale, una kivuko cha kwenda Bweni, na alfajiri yake ukiwa ufukweni husikii kitu ila makasia. Na sehemu kubwa ya starehe haina kiingilio. Maji yakipwa unatembea kilomita nyingi juu ya mchanga mgumu, magoti hayalalamiki kama kwenye lami. Ukiingia majini buruta miguu, usinyanyue, ili samaki taa aliyejilaza mchangani akusikie na kuondoka badala ya kukuchoma mwiba. Baiskeli kati ya minazi. Mtumbwi kupanda mtoni maji yakijaa, kuangalia ndege kwenye mikoko. Mbuga ya Saadani, hifadhi ya taifa pekee nchini inayopakana na bahari, iko kusini katika ukanda huo huo, na Mtanzania anaingia kwa kiingilio cha Mtanzania.

Kuna vyenye masharti. Maziwe ni hifadhi, kuna ada ya kuingia. Uvuvi una leseni, na kabla hujatupa mshipi jitambulishe kwa wazee wa BMU, kikundi cha wanakijiji kinachosimamia ufukwe. Bunduki ya mkuki aliyokuletea mwanao kutoka ng'ambo ni marufuku hapa, kama lilivyo kokoro, wavu wa kukokotwa hadi ufukweni. Wastaafu wawili watatu wameshangaa kuambiwa hivyo wakiwa wameshavaa miwani ya kuzamia.

Afya isiachwe kwenye mazungumzo ya raha. Pangani kuna hospitali ya wilaya. Rufaa ni Bombo, Tanga mjini, kama kilomita 50. Ujenzi wa barabara ya lami ya Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo pamoja na daraja la mita 525 juu ya Mto Pangani unafupisha muda wa safari hiyo, na umeshapandisha bei za viwanja pia. Mwenye presha au kisukari akae upande wa mto ambao anaweza kufika hospitali usiku. Mwanachama wa NHIF, bima ya afya ya taifa, aliyestaafu na mwenza wake wana nafasi yao, lakini wajukuu mtakaohamia nao hawamo kwenye kadi hiyo.

Kitu ambacho hakuna ofisi itakuambia ni baraza. Jioni wanaume wanakaa barazani, bao liko katikati, na hapo ndipo inajulikana ni shamba gani lina kesi, ni kisima gani kimeharibika, ni ufukwe upi ulikuwa na safu mbili za minazi kabla ya mvua za mwaka fulani. Mgeni anayejenga ukuta kwanza na kusalimia baadaye ataishi miaka bila kuambiwa lolote. Anayekaa, akasema shikamoo hata kwa aliyemzidi miaka miwili, akaenda mazishini bila kualikwa, ataambiwa yote bure.

Shemeji hakununua kile kiwanja. Alipanga vyumba viwili Bweni, akaacha mkupuo benki, akasema atakaa kaskazi moja na kusi moja kisha ataamua. Ananunua samaki kwa wavuvi anaowajua kwa majina na bao anafungwa kila siku. Bamvua ya Machi alikwenda na wazee wawili kwenye ile minazi mitatu ya kwenye picha, akachomeka kijiti pale maji yalipofika. Bamvua ya Septemba akachomeka kingine. Juzi amenitumia picha ya vijiti hivyo. Cha pili kiko hatua tisa ndani zaidi ya cha kwanza, na mnazi wa mbele umelala.